NGIRI NI UFA KATIKA UKUTA WA TUMBO

Somo la afya kazini



Katika mazungumzo yetu ya mapumziko ya saa sita, iwe kiwandani, bandarini au mashambani, magonjwa mengi hutajwa bila taabu. Mtu husema malaria imemshika au mgongo unamsumbua, na wenzake humpa pole. Lakini uko ugonjwa mmoja ambao wanaume huutaja kwa kunong'ona au kwa mzaha tu, na wanawake wengi hudhani hauwahusu kabisa. Ugonjwa huo ni ngiri, ambao wengine huuita mshipa, na waganga wa hospitali zetu huuita kwa jina lake la Kifaransa, hernie.

Tumeuchagua uwe somo letu kwa sababu ya yaliyompata mwenzetu mmoja, mchukuzi wa magunia katika ghala moja la hapa Bujumbura. Ametupa ruhusa tuyasimulie, lakini jina lake na la ghala tumeyahifadhi. Mwenzetu huyu alikaa na uvimbe wa kinena miaka 6 bila kumwambia mtu. Asubuhi alikuwa akilala chali, anaurudisha ndani kwa mkono, anajifunga kitambaa kiunoni, kisha anakwenda kubeba. Alinunua unga wa mizizi sokoni, akanywa, uvimbe ukabaki pale pale. Siku moja jioni, baada ya kushusha lori, uvimbe ulikataa kurudi. Alitapika usiku kucha. Alipofikishwa hospitali kesho yake mchana, sehemu ya utumbo wake ilikuwa imekwisha kufa, ikabidi ikatwe. Alipona, lakini alikaa miezi mingi bila kazi, na watoto wake wakakosa ada. Tulipomwuliza kwa nini alinyamaza miaka yote hiyo, alijibu kwamba alimwogopa kapita kuliko alivyouogopa ugonjwa: mchukuzi wa siku akijulikana ana ngiri, kesho yake haitwi tena.

Basi tujifunze mambo manne: ngiri ni kitu gani, yapi yanayosemwa juu yake si kweli, ishara gani hazingoji kupambazuke, na chama chetu kina kazi gani katika jambo hili.

1. NGIRI NI KITU GANI?

Tumbo la binadamu ni kama chumba. Ndani mna utumbo mwembamba wenye urefu wa mita 6 hivi, pamoja na utumbo mpana, mafuta na vinginevyo. Mbele na pembeni chumba hiki kimezungukwa na ukuta wa misuli na nyuzi ngumu. Ukuta ukiwa mzima, vilivyo ndani hukaa ndani. Ukilegea au ukipasuka mahali, kitu cha ndani hupata njia ya kutokeza, nacho huonekana chini ya ngozi kama uvimbe. Hiyo ndiyo ngiri.

Kila mmoja wetu amewaona vijana wa baiskeli wanaoteremka barabara ya Bugarama wakileta ndizi na makaa mjini. Muulize mmoja wao juu ya tairi iliyochakaa. Tairi ya nje ikichanika, mpira wa ndani hutokeza kwenye ule mpasuko. Ukizidi kujaza upepo au kupakia mzigo, nao huzidi kutokeza. Ukipunguza upepo, hurudi. Ngiri ni vivyo hivyo. Mtu akikohoa, akiinua mzigo au akijikaza chooni, upepo wa tumboni huongezeka na uvimbe hutoka. Akilala chali, hurudi. Na kama vile hakuna dawa ya kumimina ndani ya mpira ili tairi ya nje ijishone yenyewe, hakuna dawa ya kunywa inayoweza kuziba ufa wa tumbo.

Ukuta huu una mahali pake padhaifu, napo panajulikana:

(a) Kinenani. Hii ndiyo ngiri ya kawaida kuliko zote. Kabla mtoto wa kiume hajazaliwa, korodani zake huwa tumboni, kisha huteremka hadi kwenye mfuko wake kwa kupitia njia iliyo katika kinena. Njia hiyo hutakiwa ifunge, lakini hata ikifunga, mahali pale hubaki padhaifu kuliko pengine. Ndiyo sababu wanaume hupatwa zaidi. Hesabu zilizofanywa Uingereza zilionyesha kwamba katika maisha yote, mwanamume mmoja katika kila wanne hivi hupata ngiri ya kinena, na kwa wanawake ni 3 katika kila 100.

(b) Juu ya paja, chini kidogo ya kinena. Hii huwapata zaidi wanawake, hasa wenye umri. Uvimbe wake huwa mdogo na rahisi kupuuzwa, lakini ni wa hatari kwa kuwa tundu lake ni jembamba na hubana upesi.

(c) Kitovuni, au juu yake kidogo.

(d) Kwenye kovu la upasuaji wa zamani. Mama aliyezaa kwa kupasuliwa anaweza kuona uvimbe penye mshono wake miaka kadhaa baadaye.

2. JE, NI KAZI NZITO INAYOLETA NGIRI?

Swali hili tunaulizwa kila mara, na jibu lake linataka uangalifu. Mzigo mzito huongeza msukumo ndani ya tumbo, na mwenye mahali padhaifu anaweza kuiona ngiri yake kwa mara ya kwanza siku alipoinua gunia. Hata hivyo mzigo si chanzo pekee. Ngiri huwapata makarani na walimu ambao hawajawahi kubeba gunia, na wako wachukuzi wazee wasioijua hata kidogo. Yako mambo mengine yanayosukuma ukuta au kuudhoofisha: kikohozi cha muda mrefu, kiwe cha kifua kikuu au cha tumbaku, kufunga choo, kujikaza wakati wa kukojoa kwa wazee wenye tezi iliyovimba, mimba nyingi, umri, na urithi, maana katika jamaa nyingine baba na wana wote hupatwa.

Jambo hili lina maana mbili kwetu. Kwanza, mtu akipata ngiri asilaumiwe kuwa alibeba vibaya au kwamba ni dhaifu. Pili, mwajiri naye asijitoe kwa kusema kwamba ni maumbile tu. Gunia la kahawa safi lina kilo 60. Mfuko wa saruji una kilo 50. Shirika la Kazi Duniani, katika pendekezo lake namba 128 la mwaka 1967, lilisema kwamba mahali ambapo mwanamume mtu mzima huruhusiwa kubeba peke yake mzigo unaozidi kilo 55, hatua zichukuliwe haraka ili uzito ushuke hadi hapo. Na kwamba mzigo wa wanawake na vijana uwe mdogo zaidi sana. Pendekezo si amri, lakini ni hoja nzuri ya kuweka mezani. Gunia moja la kahawa mgongoni mwa mtu mmoja linazidi kipimo hicho kwa kilo 5, na mchukuzi habebi gunia moja kwa siku.

3. YANAYOSEMWA NA UKWELI WAKE

"Ngiri ni ugonjwa wa wanaume." Si kweli. Tumeona kwamba wanawake hupata ya juu ya paja, ya kitovu na ya kovu, na hata ya kinena. Wavunaji wa chai wa Teza na Rwegura, ambao wengi wao ni akina mama wenye vikapu mgongoni, nao wajiangalie.

"Ngiri humaliza nguvu za kiume." Si kweli. Ngiri ni tundu katika ukuta wa tumbo, wala haiondoi uwezo wa kuzaa. Uvimbe mkubwa unaoshuka hadi kwenye mfuko wa korodani unaweza kuleta maumivu na usumbufu katika tendo la ndoa, na hapo ni upasuaji unaoondoa usumbufu huo. Wauza dawa wengi katika nchi zetu za Kiswahili hulitumia neno ngiri kwa kila kitu: kiuno kikiuma ni ngiri, tumbo likinguruma ni ngiri, mwanamume akichoka ni ngiri. Hivyo huuza dawa moja kwa magonjwa kumi. Mwenye shida hizo bila uvimbe wowote, huenda hana ngiri kabisa, naye apimwe ili ugonjwa wake hasa ujulikane.

"Ngiri na busha ni kitu kimoja." Si kweli. Busha ni maji yanayojikusanya kuzunguka korodani. Kwa kawaida ngiri hutoka juu, kinenani, ikashuka. Hutokeza mtu akikohoa na hurudi akilala. Busha la mtu mzima hukaa pale pale, amelala au amesimama. Katika pwani ya Tanzania na Kenya, mabusha mengi yametokana na minyoo ya matende inayoenezwa na mbu, ingawa wazee wa huko walizoea kusema kwamba yanaletwa na maji ya madafu. Kutofautisha vitu hivi viwili ni kazi ya mganga. Mtu asikubali kamwe kuchomwa sindano au kutobolewa na mtu wa mtaani ili maji yatoke, kwa maana kama uvimbe ule ni ngiri, kinachotobolewa ni utumbo.

"Dawa ya miti shamba huiyeyusha." Hakuna cha kuyeyusha. Uvimbe si usaha wala si damu iliyoganda. Ni utumbo au mafuta yaliyotoka mahali pake. Kuchanjwa juu yake, kupakwa au kunywa, hakushoni ufa.

"Ukijifunga mshipi umepona." Mshipi au kitambaa huzuia tu kwa muda, kama mtu anayeegemeza mlango mbovu kwa kiti. Ukifungwa huku uvimbe haujarudi ndani, huweza kuuminya na kuleta madhara.

"Ni uchawi" au "ni adhabu ya dhambi fulani." Ngiri ingekuwa uchawi, isingekuwa na mahali pale pale katika miili ya watu wa dunia nzima, wala isingezibwa kwa uzi na sindano ya mganga wa hospitali.

"Kitovu cha mtoto kikitokeza, funga sarafu juu yake." Ngiri ya kitovu kwa watoto wadogo mara nyingi hujifunga yenyewe kabla mtoto hajafika miaka 4 au 5, wala sarafu haisaidii, huchubua ngozi na kuleta vidonda. Lakini ngiri ya kinena kwa mtoto mchanga haijifungi, na hubana upesi. Mzazi akiona uvimbe kinenani mwa mtoto anapolia, ampeleke hospitali bila kungoja. Tarehe 1 Mei 2006, Sikukuu ya Wafanyakazi, serikali ya Burundi ilitangaza kwamba watoto wasiofika miaka 5 watibiwe bure katika vituo vya serikali.

"Ukipasuliwa hutafanya kazi tena." Hili ndilo linalowaweka wenzetu nyumbani, nasi tutalijibu katika sehemu ya 5.

4. ISHARA ZISIZONGOJA

Ngiri nyingi hukaa miaka bila kuua mtu. Hilo ni kweli, na ndilo linalotudanganya. Uchunguzi mmoja uliofanywa Marekani na kutolewa mwaka 2006 uliwafuata wanaume 720 waliokuwa na ngiri ya kinena isiyowasumbua au iliyowasumbua kidogo tu. Katika wale walioachwa bila kupasuliwa, ni wachache sana waliopatwa na hatari ya ghafla, hawakufika 2 kwa mwaka katika kila 1,000. Kwa hiyo mwenye ngiri ndogo isiyouma asiingiwe na hofu ya kufa kesho. Lakini wengi wa wale walioachwa, miaka ilipopita, waliomba wenyewe wapasuliwe kwa sababu ya maumivu. Tena watu hao walikuwa karibu na hospitali, na walikuwa wakiangaliwa na waganga. Mkata miwa wa Moso, au mvunaji chai wa mlimani ambaye gari hupita kwake mara mbili kwa siku, hana nafasi kama hiyo. Yeye afanye shauri na mganga mapema, ngiri yake ingali inarudi.

Hatari yenyewe ni hii: utumbo ukishatoka, tundu huweza kuukaba, kama mtu aliyekabwa koo. Chakula hakipiti, na damu haipiti. Utumbo usiopata damu hufa katika muda wa saa chache, kisha hupasuka na kumwaga uchafu tumboni. Ishara zake kila mfanyakazi azijue kwa moyo:

- uvimbe uliozoea kurudi sasa haurudi;
- umekuwa mgumu, unauma sana ukiguswa, au ngozi yake imebadilika rangi;
- mtu anatapika;
- tumbo linavimba na kuuma kwa mikato;
- hapati choo, wala upepo hautoki.

Uvimbe unaouma na kukataa kurudi watosha peke yake. Msingoje hadi zote zitimie. Mpelekeni hospitali yenye chumba cha upasuaji saa ile ile, hata kama ni usiku wa manane. Hapa mjini ziko Hospitali ya Prince Régent Charles na ile ya chuo kikuu iliyoko Kamenge, ambayo watu huiita Roi Khaled. Walio mikoani waende hospitali ya wilaya. Njiani asile wala asinywe kitu, kwa maana huenda akalazwa usingizi wa upasuaji. Asipewe dawa ya kuharisha, wala asiingizwe maji ya dawa kwa nyuma. Tena mtu asiusukume uvimbe kwa nguvu, wala asiukande, kwani huweza kuurudisha ndani utumbo uliokwisha kufa. Waswahili husema mficha maradhi kilio humfichua. Katika ngiri iliyokaba, kilio hicho hakichukui siku mbili.

5. MATIBABU

Ufa huzibwa kwa upasuaji. Jambo hili si geni wala si la kubahatisha. Mganga wa Italia aitwaye Edoardo Bassini alionyesha njia nzuri ya kushona ukuta wa kinena katika miaka ya 1880, na waganga wa dunia nzima wakamfuata kwa karibu miaka 100. Baadaye waganga waliona kwamba kuvuta kingo mbili za ufa na kuzishona kwa nguvu huacha mshono uliokazwa mno, na ngiri huweza kurudi. Basi wakaanza kuweka kiraka cha wavu laini juu ya ufa, nao mwili huota nyuzi zake katikati ya wavu na kuushika. Fundi baiskeli ataielewa habari hii mara moja.

Wavu unaotoka viwandani ni ghali, na hili lilikuwa kikwazo kwa nchi zetu. Hapa jirani, katika wilaya ya Kamuli, mashariki ya Uganda, waganga wa Uganda na wa Sweden walifanya jaribio ambalo matokeo yake yalitolewa mwezi wa Januari 2016. Waliwapasua wanaume 302 wenye ngiri ya kinena. Nusu waliwekewa wavu wa kiwandani wenye bei ya zaidi ya dola 100. Nusu waliwekewa kipande cha kitambaa cha chandarua, kilichosafishwa hospitalini hadi vijidudu vyote kufa, chenye gharama ya dola moja hivi. Baada ya mwaka mmoja, kati ya wale wa chandarua ngiri ilikuwa imemrudia mtu mmoja tu, na makundi yote mawili yaliendelea vizuri sawasawa. Wengi wao ni wakulima na watu wa kazi za mikono kama sisi. Mtu asielewe kwamba chandarua cha nyumbani ni dawa. Usafishaji wake hufanywa hospitalini kwa mashine. Tunayataja haya ili ijulikane kwamba ngiri ya mtu maskini inaweza kutibiwa vizuri kama ya tajiri.

Upasuaji wenyewe, kwa ngiri ambayo haijakaba, huchukua saa moja hivi. Mara nyingi hakuna haja ya kulazwa usingizi kabisa: mganga hutia ganzi mahali pale, au huchoma sindano ya mgongoni, na mtu hubaki macho bila kusikia maumivu. Wengi hurudi nyumbani siku ile au kesho yake. Kila upasuaji una shida zake: huenda kukawa na uvimbe kidogo, kidonda kuingia vijidudu, au maumivu ya kinena kukawia kwisha kwa wachache. Mwulize mganga wako kabla, naye atakueleza. Mtu akiwa na kikohozi au amefunga choo, hayo yatibiwe kwanza, la sivyo mshono utasukumwa siku ya kwanza.

Sasa tujibu lile la kazi. Aliyepasuliwa hutakiwa atembee mapema, siku ile ile akiweza. Kulala kitandani wiki nzima ni desturi ya zamani. Kazi nyepesi huanza baada ya wiki moja au mbili. Kubeba mizigo mizito, mara nyingi waganga husema angoje wiki 4 hadi 6, kwa kadiri ya upasuaji ulivyokuwa. Baada ya hapo hurudi kwenye kazi yake akiwa na ukuta mzima kuliko alivyokuwa siku zile za kujifunga kitambaa.

Linganisha, ndugu msomaji. Mwenzetu wa ghala angepasuliwa mwaka wa kwanza, angekosa kazi ya wiki 6. Alingoja miaka 6, akakosa miezi mingi, akapoteza sehemu ya utumbo na karibu apoteze uhai. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

6. KAZI YA CHAMA

Tukiishia kusema "nendeni hospitali", tutakuwa tumesema nusu. Mwenzetu alijua kwamba hospitali ipo. Kilichomzuia kilikuwa hofu ya kukosa mkate, na hofu hiyo haiondolewi na mganga. Inaondolewa na sisi pamoja.

Kwanza, siri. Mjumbe wa chama akiambiwa na mfanyakazi kwamba ana uvimbe, asilifanye jambo hilo hadithi ya mapumziko. Mzaha mmoja wa kikatili watosha kuwafunga midomo watu ishirini. Ampeleke kwenye kituo cha afya, na ikibidi amsindikize.

Pili, karatasi. Mgonjwa amwombe mganga cheti kinachoandika siku za mapumziko na muda wa kutobeba mizigo. Ugonjwa uliothibitishwa na daktari husimamisha mkataba kwa muda, lakini hauuvunji siku ile ile. Mjumbe amsaidie kukifikisha cheti kwa mwajiri, na nakala ibaki mkononi mwa mfanyakazi.

Tatu, ajali. Uvimbe ukitokea ghafla kazini wakati wa kuinua mzigo, au mtu akianguka na mzigo, habari itolewe kwa maandishi siku hiyo hiyo, pamoja na majina ya walioona. INSS, iliyoundwa mwaka 1962, ndiyo inayoshughulikia hatari za kazini kwa walioandikishwa. Si kila ngiri itakubaliwa kuwa ajali ya kazi, lakini habari isiyoandikwa ni vigumu kuitetea baadaye. Kwa sababu hiyo vibarua wa siku nao waulize kama wameandikishwa.

Nne, gharama. Watumishi wa serikali wana Mutuelle de la Fonction Publique tangu mwaka 1980. Wengine wengi hawana kitu kama hicho, na bei ya upasuaji huwatisha. Wafanyakazi wa mahali pamoja wanaweza kuanzisha sanduku la kusaidiana, kila mtu akitoa faranga kidogo kila mwezi, ili anayehitaji kupasuliwa asiuze baiskeli yake.

Tano, mzigo wenyewe. Tudai mikokoteni na toroli. Tudai gunia zito libebwe na wawili. Tudai kwamba anayetoka hospitali apewe kazi ya kuhesabu, kushona magunia au kufagia kwa wiki zake 6, bila kufutwa katika orodha ya vibarua. Mwajiri mwenye akili ataona kwamba wiki 6 za kazi nyepesi ni nafuu kuliko kumpoteza mtu anayeijua kazi.

Mwenzetu wa ghala sasa amerudi kazini, anashona magunia. Tangu aliposimulia habari yake katika mkutano wa wafanyakazi, wenzake watatu wamemjia mmoja mmoja, kila mmoja pembeni, wakamwuliza njia ya kwenda hospitali. Wote watatu walikuwa na vitambaa viunoni.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Kwa nini dawa ya kunywa haiwezi kuponya ngiri? Elezeni kwa mfano wa tairi.
2. Tajeni ishara za ngiri iliyokaba. Mtu akizipata saa nane ya usiku katika mtaa wenu, mtampelekaje hospitali, na kwa chombo gani?
3. Mahali penu pa kazi, mzigo mzito kuliko yote una kilo ngapi? Nani anaubeba, na mara ngapi kwa siku?
4. Mfanyakazi wa siku akipasuliwa, ni nani atakayelinda nafasi yake kwa wiki 6? Kama jibu ni "hakuna", kikundi kianzie wapi?